Kujali Si Ufala

Kuna sheria ambayo hakuna bunge lililoipitisha, lakini kila kijana wa Nairobi mwenye simu anaijua. Akikuandikia saa mbili usiku, usijibu kabla ya saa tatu. Akichukua dakika ishirini, wewe chukua arobaini. Akiposti picha, usiweke laiki mara moja, ngoja wengine watangulie ndipo uonekane kama mtu aliyekuwa anapita tu. Usimwambie unamkumbuka kabla hajakuambia yeye. Ukishikwa na hamu ya kumpigia, jikaze, ingia TikTok, hamu itapita. Vifungu ni vingi lakini maana yake ni moja: katika watu wawili, anayejali zaidi ndiye fala.

Mimi nasema sheria hii ni ya kijinga, ni ya hatari, na hatukuitunga sisi. Tumeiokota kwenye mashine za watu wanaotengeneza pesa kwa macho yetu, tukaibeba mpaka kwenye keja zetu, tukaiita ujanja.

Lakini kwanza wacha niwatoe njiani wale wanaodhani niko upande wao. Kuna wazee, wahubiri na walimu wa semina za vijana wanaosema simu imeharibu mapenzi, eti zamani watu walipendana kwa dhati. Zamani ipi? Ile ambayo msichana aliambiwa Ijumaa kwamba anaolewa Jumamosi? Ile ambayo mke alijua kuna mke wa pili siku ya mazishi, mama mgeni alipotokea na watoto watatu wenye sura ya marehemu? Zamani hiyo siitaki, na sidhani wewe unaitaka.

Tena mapenzi hayajawahi kusafiri bila chombo. Wazazi wetu walituma barua zilizonukia poda. Walinunua kadi za salamu, wakajaza majina, wakazipeleka redioni, kisha wakakaa karibu na redio wakingoja mtangazaji asome kwamba fulani wa Kakamega anamsalimu fulani wa Voi. Nchi nzima ilisikia. Kule Mombasa na Lamu, mwanamke alichagua leso kwa maneno yaliyoandikwa juu yake, akajifunga, akapita nayo mlangoni pa aliyekusudiwa, awe mpenzi au mke mwenza. Mtaa mzima ulisoma. Hiyo ilikuwa Status kabla ya Status. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba kuonyesha mapenzi hadharani ni ugonjwa wa kizazi chetu.

Tofauti ni hii: leso haikuhesabu waliotazama. Kadi ya salamu haikukurudia na orodha ya waliosikia, waliosikia wakanyamaza, na waliozima redio.

Mashine zetu zinahesabu. Mwaka 2009 Facebook ilileta kitufe cha laiki. Mwaka 2012 ikaanza Tinder, iliyotuzoesha mtindo wa kupangusa sura ya mtu kulia au kushoto kwa kidole kimoja, kama mtu anayechambua mchele. Mwaka 2014 WhatsApp ikaongeza tiki za buluu, ili ujue kwamba ameona na amenyamaza. Mwaka 2017 ikaleta Status, na chini yake majina ya kila aliyetazama. Kila moja ya hizi ilichukua jambo ambalo zamani ulikuwa unalikisia tu, ikalipa namba.

Na kukisia kulikuwa na huruma yake. Barua ikichelewa, ulisema ni posta. Ukipiga simu ya kibanda ikaita bila kupokelewa, ulisema ametoka. Ulipata usiku mmoja wa kumdhania mema. Sasa huna posta ya kusingizia. Unaona alikuwa mtandaoni dakika mbili zilizopita, unaona ametazama Status yako akiwa wa tatu, unaona tiki za buluu, na hakuna jibu. Pengine alikuwa anavuka barabara pale Muthurwa. Pengine alikuwa anatafuta maneno mazuri. Lakini namba haziongei kuhusu barabara wala maneno. Zinasema amekublutiki, basi, na wewe unaanza kupanga utakavyolipiza.

Ukizoea kuhesabu hivyo, unajikuta mfanyabiashara. Jibu lako ni bidhaa, likipatikana haraka bei inashuka. Upole wako ni bidhaa, ukiutoa bure wanasema haukuwa na soko. Angalia maneno tunayotumia: huyo anajiuza bei rahisi, yule ana thamani, mimi nimewekeza kwake miaka miwili. Hii ni lugha ya duka, na imeingia kitandani bila kubisha hodi.

Duka lenyewe ni la nani? Kampuni hizi haziuzi mapenzi wala ugomvi. Nyingi zinauza nafasi ya matangazo, na kadiri unavyokaa ukitazama ndivyo zinavyopata. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nje maelfu ya kurasa za ndani ya kampuni. Katika nyaraka hizo ilijulikana kwamba kuanzia mwaka 2017 hesabu za kuchagua utakachoonyeshwa ziliipa alama ya sura ya hasira uzito mara tano ya laiki. Baadaye uzito huo ulipunguzwa, lakini tafakari hesabu yenyewe. Watu wawili wanaokula githeri wakicheka kwenye bedsitter ya Kahawa Wendani hawamkasirishi mtu. Unawaona, unatabasamu, unapita. Lakini mwanamke anayesema wanaume wote ni mbwa, au mwanaume anayesema wanawake wote ni wezi, huyo utasimama umjibu. Utamtumia rafiki yako. Utarudi kuona nani mwingine amejibu. Mashine haimchukii mtu yeyote, ila chuki inalipa, na mashine inafuata malipo.

Ndipo wakaja walimu. Fungua simu siku ya Jumamosi ukutane na Masculinity Saturday, hashtegi iliyompa Amerix jina, na nyuma yake jeshi la waigaji wenye maikrofoni mbili na kochi. Mafundisho ya jeshi hilo unayajua hata kama hujawahi kuyatafuta: usimfuate mwanamke, usimjibu haraka, usimwonyeshe machozi, ukimpenda sana atakudharau. Hamia upande wa pili, nako kuna shule: mwanaume asiyetuma pesa hakupendi, usimpikie ambaye hajakuoa, usimpe moyo, mpe bili. Shule mbili zinatukanana mchana kutwa, lakini ukizisikiliza vizuri zinafundisha somo moja. Zote zinasema mwenzako ni adui, na silaha yako ni kutojali.

Sitasema wanaosikiliza ni wajinga. Yule jamaa amemaliza chuo, ana cheti na hana kazi, na tangu utotoni ameambiwa mwanaume ni mfuko wake. Mfuko uko mtupu. Anakuja mtu anamwambia kuna heshima nyingine isiyohitaji pesa: mnyime mwanamke moyo wako na utakuwa mfalme. Yule manzi amemuona mama yake akibeba nyumba miaka ishirini na mitano, akilipa karo, akisubiri mlango ufunguke saa nane za usiku, na hakuambiwa hata asante. Anakuja mtu anamwambia: chukua wewe kwanza kabla hujachukuliwa. Malalamiko ya wote wawili ni ya kweli. Lakini waliowaletea dawa wanaishi kwa ugonjwa wao. Siku ambayo jamaa na manzi wataketi chini wakaelewana, mwalimu atapoteza wasikilizaji wawili.

Chukua stori ya fare. Tumeicheka miaka mingi: jamaa anatuma shilingi 500 ya nauli, manzi anasema niko njiani, kisha simu inazimwa. Amekula fare. Meme zimetengenezwa, vichekesho vimechezwa, na kila mtu ana binamu yaliyomkuta. Lakini hebu tuitazame bila kicheko. Shilingi 500 ni stori kwa nani? Mtu mwenye elfu hamsini kwa akaunti hawezi kukaa wiki nzima akiisimulia. Ni stori kwa aliyeitoa Fuliza, na kwake hiyo ni chakula cha siku mbili. Na aliyeila, mara nyingi, naye ana sufuria tupu na landlord mlangoni. Hii ni stori ya watu wawili waliofilisika katika mji mmoja, kila mmoja akiogopa kwamba mwenzake ndiye atakayemfilisi zaidi. Tungeweza kukasirikia bei ya unga. Tumeamua kukasirikiana.

Na mzaha umekuwa sera. Sasa kuna vijana wanaoingia kwenye mapenzi wakiwa wamekunja ngumi, wakihesabu kila soda. M-Pesa ina 456: ukituma pesa kwa mtu asiye wako, unapeleka ujumbe kwenye namba hiyo ukiomba irudishwe. Tunachotamani ni moyo wenye 456. Tunataka kupenda na risiti mkononi, ili mambo yakiharibika turudishiwe chetu. Hakuna namba kama hiyo. Ukimpa mtu miezi sita ya kumsikiliza usiku, umetoa, na hata mkiachana haikuwa deni. Asiyekubali hilo asijidanganye kwamba anajilinda. Yeye bado hajaanza kupenda.

Kuna hofu nyingine kubwa kuliko ya pesa, nayo ni skrinishoti. Ukiandika leo sentensi moja ya wazi, "Nikiwa na wewe kichwa changu kinatulia," unajua inaweza kufika wapi. Inaweza kuingia kundi la marafiki zake watano, ikasomwa kwa sauti ya kuigiza. Mkikosana inaweza kuanikwa kwa watu elfu kumi wasiokujua, kila mmoja akiongeza chumvi. Nchi ina sheria, ile ya uhalifu wa mitandao ya mwaka 2018, inayokataza kusambaza picha za faragha za mtu. Lakini hakuna sheria inayoweza kulinda sentensi ya upole isichekwe. Hiyo tulipaswa kuilinda sisi wenyewe, na hatujailinda. Tumekuwa wasomaji wa barua za watu. Kila tunapofungua uzi wa jamaa aliyebembeleza akakataliwa na tukaandika "ufala tupu", tunamwambia kila kijana anayesoma: usithubutu.

Ndiyo maana siku hizi tunatongozana kwa meme. Unamtumia video ya paka wawili wamekumbatiana, ukiulizwa unasema ilikuwa ni paka tu. Tunapenda kwa njia ambayo inaweza kukanushwa.

Lakini tusiibebeshe simu mzigo wote. Kuna tusi tulilokuwa nalo kabla ya intaneti, nalo ni kukaliwa chapati. Jamaa akikimbia nyumbani saa kumi na mbili kwa sababu mke wake anamngoja, amekaliwa chapati. Akiosha vyombo, amekaliwa chapati. Akikataa raundi nyingine ya pombe kwa sababu aliahidi kumpeleka mtoto kliniki asubuhi, wanamtazama kwa huruma: maskini, alikaliwa. Tusi linamaanisha mke amekalia chapati kabla ya kumwandalia mume, na mume akala akapumbazika. Sasa fikiria tunachokiri hapo. Tunakiri kwamba mwanaume hawezi kumpenda mke wake akiwa na akili timamu. Lazima awe amewekewa kitu. Dharau kwa mtu anayejali ilikuwa imeshapandwa kwetu, na mitandao imekuja kuinyunyizia maji na kuitafutia neno la kigeni. Leo mkaliwa chapati anaitwa simp, na anachekwa na watu wa mabara manne.

Hapa ndipo mzaha unapoishia. Mwezi wa Januari 2024 wanawake kadhaa waliuawa katika nchi hii mmoja baada ya mwingine, wengine katika nyumba za kukodishwa kwa siku. Tarehe 27 Januari maelfu ya watu, wengi wao wanawake vijana, waliandamana Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine wakidai mauaji yakome. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo polisi wakatangaza kwamba wanawake 97 walikuwa wameuawa tangu Agosti. Miezi mitatu. Hawa si takwimu za mbali. Ni watu waliokuwa na simu kama yako, na ndani yake meseji za mama ambazo hazikujibiwa.

Unakumbuka yaliyoandikwa chini ya habari zile? Mimi nayakumbuka. Alienda kufanya nini pale? Alikuwa amekula pesa ya nani? Wasichana wa siku hizi wanapenda vya bure. Maiti haijazikwa, na tayari kesi imesikizwa na hukumu imetoka kwamba marehemu ana hatia.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mtandao uliua. Waliua wauaji, kwa mikono yao, na wanawake wa nchi hii waliuawa na waume na wapenzi wao miaka mingi kabla ya simu. Nasema kicheko kile kilikuwa chetu, na tulikuwa tumekifanyia mazoezi. Tulikifanyia mazoezi kwenye stori za fare, kwenye skrinishoti za waliobembeleza, kwenye kochi la mwalimu wa Jumamosi. Ukiambiwa kila siku kwa miaka mitano kwamba wanawake ni wezi wa nauli, siku mmoja wao akiuawa akili yako haianzi na huzuni, inaanza na hesabu. Alikuwa na deni? Sheria ya kutojali haikubaki kwenye dakika arobaini za kuchelewesha jibu. Ilitembea, ikafika mochari, ikauliza swali la pesa.

Na ajabu ni kwamba wakati sisi tunanyimana, dunia inanunua kujali kutoka kwetu kwa reja reja. Kuna kazi ya mtandaoni inayofanywa na vijana wengi hapa Nairobi. Wawili kati ya marafiki zangu wameifanya. Unapewa akaunti ya mwanamke asiyekuwepo, picha na jina na mji anaodaiwa kuishi kule Ulaya au Marekani. Mwanaume wa huko anaandika, na kila meseji anayotuma anailipia. Wewe unajibu kwa jina la mwanamke huyo na unalipwa vijisenti kwa kila jibu. Unatakiwa kukumbuka jina la mbwa wake. Unatakiwa kuuliza mgongo wake unaendeleaje. Unatakiwa kumalizia kila jibu na swali, ili asiache kuandika, na usikubali kamwe kukutana naye. Unakesha Rongai, blanketi mabegani, ukimwuliza mzee usiyemjua kama amekula.

Naona biashara hiyo ni ulaghai, sitaipaka rangi. Lakini inafichua siri moja. Kampuni zenye kompyuta za kila aina zimekaa chini zikajiuliza ni kitu gani mtu mpweke atalipia usiku, na jibu halikuwa dharau. Halikuwa kuchelewesha jibu. Lilikuwa: umekula? Mgongo vipi? Mbwa amepona? Waliojifunza kutoka kwa upweke wa watu wanajua kujali ndiyo mali. Halafu kijana huyo huyo anafunga kompyuta saa kumi na moja alfajiri, anaona meseji ya manzi wake iliyotumwa saa tatu usiku, na anaamua kumngojesha hadi mchana ili asionekane ana haraka. Mgeni amepewa upole wote wa usiku kwa vijisenti. Mwenyewe amebaki na ujanja.

Najua mtakachonijibu. Wanawake mtasema: wewe unatuambia tufungue mioyo katika nchi yenye 97 kwa miezi mitatu? Hapana. Kumwambia rafiki unakoenda, kumtumia eneo ulipo, kukataa kukutana na mtu mahali pa siri, kuondoka mapema ukihisi vibaya, hiyo ni hadhari. Mwanaume anayeichukulia hadhari yako kama tusi amekusaidia, amejitambulisha mapema. Hadhari inauliza: mtu huyu ni salama? Sheria ninayoipinga inauliza swali tofauti kabisa: nitaonekanaje mimi nikimpenda? Swali la kwanza linakulinda. La pili linalinda picha yako mbele ya watu ambao hawatakuwepo siku ukiugua.

Wanaume mtasema: nilijali, nikaliwa, nikaachwa. Pole. Nasema kwa dhati, kwa sababu kwenye mitandao hukupewa pole, uliambiwa hiyo ni character development na ukapewa kikaragosi cha kucheka. Lakini kuachwa hakuthibitishi kwamba kujali ni kosa, kama vile kunyeshewa hakuthibitishi kwamba kutembea ni kosa. Aliyekula uaminifu wako ndiye mwenye aibu. Usiibebe wewe kisha uende kumlipisha manzi mwingine ambaye hakuwepo.

Siwaambii mfute programu zote. Wengi wetu tunakula kwa simu hizi, na mtu anayekushauri uitupe simu yako huenda ana mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi. Nashauri jambo dogo na gumu zaidi: tuivunje sheria waziwazi. Ukiiona meseji na una nafasi, jibu. Ukiwa huna nafasi, sema huna. Zima tiki za buluu, WhatsApp inaruhusu, na umrudishie mwenzako nafasi ya kukudhania mema. Akikupikia, sifu chakula mbele ya marafiki zako. Rafiki akikuletea skrinishoti ya mtu aliyebembeleza, kataa kusoma. Sema tu, "Buda, hiyo haikuandikiwa mimi." Atakuona wa ajabu. Siku moja ataandika yake, na atakumbuka kwamba kuna mtu mmoja asiyecheka.

Na jamaa akitoka baa mapema kwenda nyumbani, mwacheni aende. Hakuna chapati iliyokaliwa. Kuna mtu anampenda, naye ana akili ya kutosha kulijua hilo, kuliko sisi tunaobaki pale tukitazama Status ya mtu tunayemtaka, kwa akaunti ya pili, ili jina letu lisionekane kwenye orodha.

Mtaniambia mtu akifuata ushauri huu ataumia. Ndiyo, huenda akaumia. Lakini hao wanaofuata sheria ya dakika arobaini, mmewaona wakiwa na raha? Nawaona wakihama kutoka kochi moja la mafundisho hadi lingine, wanajua majina ya kila aina ya ujanja, na usiku hawana wa kumpigia. Hakuna aliyewadhuru, na hakuna anayejua kama wamekula.